Miguu Ifike Chini: Shajara ya Kruza Yangu

3 Mei, Jumamosi. Kawempe

Vipimo kwanza. Urefu wangu ni sentimita 150. Mguu wa ndani, kutoka msambani hadi sakafuni nikiwa peku, ni sentimita 68. Nilisimama kuubana ukuta kwa mgongo, kitabu chenye jalada gumu kikiwa kimekazwa juu kabisa kati ya mapaja, dada yangu akashika futi. Uzito ni kilo 52. Nayaweka haya mwanzoni kwa sababu kila niliyemwuliza habari za pikipiki aliniuliza nina pesa ngapi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mguu wangu una urefu gani.

Ninafundisha Kiswahili katika shule mbili, moja hapa Kawempe, Kampala, na nyingine karibu na Matugga. Tangu mtaala wa Uganda wa 2020 ulipolifanya somo hili la lazima kidato cha kwanza na cha pili, vipindi vimekuwa vingi kuliko walimu. Siku tatu kwa juma natoka darasa moja saa nne na nusu asubuhi, na saa tano na robo natakiwa niwe mbele ya darasa jingine. Nauli ya boda imenichosha, na kuwa abiria kumenichosha zaidi. Kuendesha najua: nilijifunzia pikipiki ya mjomba aina ya Boxer kule Bombo, na leseni ya daraja A ninayo. Shida ni ile ile ya siku zote. Nikisimama nasimamia ncha za vidole, na pikipiki ikiinama kidogo tu imekwenda.

Ndiyo maana nataka kruza, aina ya pikipiki yenye kiti cha chini. Kwenye kruza unakaa kati ya tangi na gurudumu la nyuma, umezama, uzito wa injini ukiwa chini ya magoti yako, na usukani unakuja kwako badala ya wewe kuufuata. Nikifanikiwa nitaandika kila nilichofanya, na nikikosea nitaandika pia, maana wanawake wafupi wanaotamani pikipiki mjini humu si mimi peke yangu.

10 Mei, Jumamosi

Leo nimekalia pikipiki nne, tatu katika yadi moja na moja ya mtu binafsi aliyekubali nimsumbue.

Royal Enfield Meteor 350: kiti milimita 765, uzito kilo 191. Kiti chake kinapokea mwili vizuri sana, ila kwangu vidole tu ndivyo viligusa lami, na kilo 191 juu ya vidole sikuzitaka.

Bajaj Avenger Cruise 220: milimita 737, kilo 160 na ushei. Nilifika kwa nyama ya mbele ya unyayo, kisigino kikiwa hewani kama sentimita tatu.

Honda Rebel 500: milimita 690, kilo 190 hivi. Nyayo zote chini, magoti yamelegea. Mwenyewe alinipa nikae hata dakika kumi. Bei yake siiwezi, na kipuri chake kikiharibika nitakingojea miezi.

Ya nne ilikuwa Yamaha Dragstar 400 iliyotumika Japani. Hii ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ina kiti cha chini kuliko zote tatu, na nilipokaa moyo wangu ulishangilia: nyayo bapa, mgongo wima, mikono imetulia. Muuzaji akaanza kuniambia habari za malipo. Nikamwomba anipishe kwanza, nataka kuirudisha nyuma mwenyewe mpaka getini. Yadi ina mteremko mdogo, wa kawaida kabisa kwa Kampala. Nikasukuma kwa miguu nikiwa nimekaa, haikusogea. Nikashuka nikasukuma kwa nyonga nikiwa kando yake, ikasogea hatua moja kisha ikataka kunilalia. Ni chuma cha zaidi ya kilo 200. Nyayo bapa hazina msaada kama huwezi kuitoa mahali ulipoiegesha, na mji huu ulijengwa juu ya vilima.

Jambo la pili nililolitambua ni kwamba ile namba ya urefu wa kiti haisemi kila kitu. Kwenye karatasi, Rebel na Avenger zimepishana milimita 47. Miguu yangu ilihisi tofauti kubwa kuliko hiyo, kwa sababu kiti cha Rebel kimebanwa sana karibu na tangi na cha Avenger kimetanuka. Mguu hauendi chini wima kama kamba ya kisima. Unakizunguka kiti kwanza, na kadiri unavyopanua paja ndivyo unyayo unavyoibiwa urefu. Kuanzia leo nitapima vitu vitatu: urefu wa kiti, upana wake pale mapaja yanapopita, na kama naweza kuisukuma pikipiki mwenyewe kupanda mteremko.

17 Mei, Jumamosi

Nimenunua Avenger. Si ya kwanza mkononi, rangi nyeusi, injini inaita vizuri. Uzito wake nauweza, na imetengenezwa na kampuni ile ile ya Boxer, kwa hiyo fundi wa kila kona anajua tabia za nati zake. Nimepima kiti kabla ya kugusa chochote: milimita 735 katikati, na upana wa sentimita 27 mbele, mapaja yanapopita.

24 Mei, Jumamosi

Nimeipeleka gereji. Fundi kijana, mchapakazi, ameitazama akasema, "Dada, hii tunaishusha tu. Tunaweka shokapu fupi nyuma, kesho unakanyaga chini kama mfalme." Nikakubali. Amefunga shokapu za pikipiki nyingine, fupi kwa sentimita tatu na nusu. Jioni nimekaa juu yake uani, nyayo zikafika karibu zote. Nimefurahi mno, nimempigia hata mjomba.

2 Juni, Jumatatu

Pikipiki imeanguka. Nayaandika yote, maana kila kilichotokea siku hizi tisa kimetoka kwenye zile shokapu.

Kwanza ni stendi. Stendi ya pembeni hupimwa kulingana na urefu wa pikipiki. Ukiishusha pikipiki na stendi ikabaki vile vile, stendi inakuwa ndefu, na pikipiki badala ya kuegemea kushoto inasimama karibu wima. Leo kituo cha mafuta nimeshuka kulipa, boda akapita karibu akaigusa kioo kwa kiwiko, ikaenda upande wa kulia kama mti. Kioo kimevunjika, mguu wa breki umepinda.

Kuinyanyua nimeweza mwenyewe, kwa njia aliyonifundisha mjomba zamani. Ilikuwa imelalia kulia, kwa hiyo kwanza niliichomoa stendi ya kushoto ili isije ikapitiliza upande wa pili, nikahakikisha ipo kwenye gia isiteleze. Kisha nikaipa mgongo, nikachuchumaa makalio yakigusa kiti, mkono mmoja kwenye usukani uliogeuzwa mpaka mwisho, mwingine kwenye chuma cha nyuma, nikatembea kinyumenyume kwa hatua fupi, miguu ikifanya kazi na mgongo umenyooka. Ukiinama uso kwa uso na pikipiki ukaivuta kwa mikono, utaumia kiuno.

Pili ni matuta. Njia ya Bombo ina matuta yasiyohesabika, na tangu tarehe 24 tumbo la pikipiki limekuwa likikwaruza kwenye yale makubwa. Tatu, nilipoingia kwenye shimo pale Bwaise baada ya mvua nilisikia harufu ya mpira. Nimechungulia leo: sehemu ya ndani ya madigadi ya nyuma ina mstari mweusi. Tairi limekuwa likiigusa. Nne ni usukani. Ukishusha nyuma peke yake, foku za mbele, zile chuma mbili zinazoshika gurudumu, zinalala zaidi, gurudumu la mbele linakwenda mbali, na pikipiki inakuwa nzito kugeuka kwa mwendo wa polepole, ambao ndio mwendo wa foleni. Hata taa ya mbele imekuwa ikimulika juu. Madereva wanaokuja mbele yangu usiku wamekuwa wakiniwashia taa, nami sikuelewa kwa nini.

Nilitaka sentimita tatu, na nimezilipia mahali pengine panne.

7 Juni, Jumamosi

Nimezirudisha shokapu za asili. Nimemweleza kijana kwa upole, naye amesikiliza, akaniomba msamaha, tukafanya kazi pamoja. Mguu wa breki umenyooshwa. Cheni imepimwa upya mimi nikiwa nimekaa juu, kwa sababu mkono wa nyuma, ile chuma inayoshika gurudumu, ukibadili pembe, cheni nayo hubadili mkazo wake.

Halafu nikamwuliza swali ambalo ningeuliza tangu siku ya kwanza: zile springi zimekazwa kiasi gani? Shokapu za Avenger zina vidato vya kukazia springi. Tukakuta zipo karibu na mwisho wa kukaza. Bila shaka mwenye awali alikuwa mzito au alibeba abiria. Mimi na kilo zangu 52 nilikuwa nakaa juu ya springi ambazo hazikunihisi kabisa. Tumezirudisha kidato cha kwanza. Kabla, nikikaa pikipiki ilizama milimita 9. Sasa inazama milimita 21. Zaidi ya sentimita nzima kwa spana moja na bila senti, wala stendi haijaharibika, maana nikishuka inarudi juu. Foku za mbele nimeziacha kama zilivyo.

14 Juni, Jumamosi. Katwe

Leo ni siku ya kiti. Katwe kila mtu anajua ndiko kwenye mafundi wa kazi za mikono: masufuria, milango, vitanda, mageti. Nimeelekezwa kwa mzee mmoja mshona viti vya boda, mwenyeji wa Arua, anayekaa chini ya mwavuli na cherehani ya mguu. Tulipoamkiana kwa Kiswahili uso wake ukafunguka. Kiswahili chake ni cha jeshini, kifupi na cha moja kwa moja, kama cha marehemu babu yangu.

"Asalaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam, binti. Kiti kina nini?"

Nikamweleza, pamoja na habari ya shokapu. Akatikisa kichwa. "Kaa juu. Usikae vizuri kwa ajili yangu, kaa kama unavyokaa barabarani." Nikakaa. Akachukua chaki, akachora mapaja yangu yanapopita, kushoto na kulia, kisha akachora yalipoishia makalio. Nyuma yake ilibaki nafasi ya sentimita sita iliyo tupu. Akaigonga kwa kidole. "Unaona? Wewe unateleza mbele kutafuta usukani, kisha unateleza nyuma. Kiti ni nguo, binti. Nguo hukatwa kwa mwenyewe, mtu hakatwi kwa nguo."

Nimekaa naye saa tatu, na kila dakika ilikuwa na faida. Amefungua kava kwa kung'oa pini moja moja ili ngozi isichanike. Amekata sponji ya mabega ya kiti kwa kisu kirefu alichokinoa mara nne, akifuata chaki, halafu akalainisha kwa msasa mpaka ukipitisha kiganja husikii kona. Hapo upana umeshuka toka sentimita 27 hadi 21. Katikati ameondoa sentimita nne. Sponji iliyobaki amenionyesha kwa kuiminya: vidole viligusa plastiki ya chini. "Hii itakuuma," akasema. Mimi nilikuwa nimeshaona miguu yangu imefika chini, nikamwambia afunge hivyo hivyo. Akafunga, akaniambia nitarudi.

17 Juni, Jumanne

Kifandugu kinawaka moto. Kwenda Matugga na kurudi mara mbili kumetosha. Mzee alisema kweli.

21 Juni, Jumamosi. Katwe tena

Hakunicheka. Alikuwa ameshatenga kipande cha sponji ngumu, ile inayotengenezwa kwa vipande vya rangi rangi vilivyogandamizwa pamoja, ambayo watu huiweka chini kabisa ya makochi. Ameikata unene wa sentimita mbili, ameiweka chini, juu yake sponji laini ya sentimita moja. Kwa hiyo urefu umerudi kidogo: kiti sasa ni milimita 707 bila mtu. Mabega ameyaacha membamba, na hapo ndipo siri yote ilipo. Nimepoteza sehemu ya kina kilichokatwa na bado nyayo zangu zinafika zaidi kuliko siku za shokapu fupi, kwa sababu sasa zinashuka wima.

Na ile nafasi tupu ya nyuma ameijaza. Ameinua sponji ngumu ikawa kama kizingiti kidogo nyuma ya kiuno, kinachonisukuma mbele sentimita tano na kunizuia nisiteleze. Kwa wiki nzima nilikuwa nimepanga kumwambia fundi wa gereji achomelee vyuma kusogeza mahali pa kukanyagia nyuma, kwa maana kwenye Avenger miguu inanyooka mbele na mimi nilikuwa nabonyeza breki kwa ncha ya kiatu. Sasa sihitaji. Kizingiti kimeleta kanyagio na usukani kwangu kwa mara moja. Nimeshukuru sana, kwa sababu kuchomelea mguu wa breki ni jambo ambalo lisingeniacha nilale.

22 Juni, Jumapili

Kazi ndogo ndogo za nyumbani, spana yangu mwenyewe.

Nimelegeza vibanio vya usukani, nikauzungusha nyuma kidogo, mpaka viwiko vimepinda nikiwa nimeegemea kizingiti. Baada ya hapo nimefanya majaribio mawili ambayo kila mtu ayafanye. La kwanza: geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, utazame kama mpira wa breki umevutika na kama vidole vinabanwa na tangi. La pili: washa injini, iache ipumue taratibu, kisha geuza tena pande zote mbili. Injini ikipandisha sauti yenyewe ujue waya wa mafuta umekazika, na hapo ukikata kona pikipiki itakukimbia. Yangu ilipandisha kidogo upande wa kulia. Waya ulikuwa umepita upande mbaya wa kibanio. Nimeupitisha upya, sauti imetulia.

Mkono wa klachi ulikuwa mbali na vidole vyangu. Nimeuinamisha chini na nimelegeza waya kidogo ili klachi ishike karibu zaidi na mshiko. Usilegeze sana: gia ya kwanza ikigonga kwa nguvu au pikipiki ikisogea huku umebana klachi, umepitiliza.

Viatu: fundi viatu ameniongezea soli ya mpira sentimita moja na nusu. Ncha ya kiatu ikawa haipiti vizuri chini ya mguu wa gia, nikaupandisha kidogo.

25 Juni, Jumatano

Leo nimegundua jambo ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote.

Nikiwa uani nafika chini vizuri. Nikiwa barabarani, mara nyingine nafika na mara nyingine najikuta natafuta ardhi. Nilidhani ni woga. Leo, foleni ya Kawempe, nikatazama maji ya mvua yanavyokwenda: yote yanakimbilia pembeni. Barabara imetuna katikati na kuinama kingoni. Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo pikipiki yangu iko siku zote upande ambao kushoto ni chini zaidi. Nami nasimama kwa mguu wa kushoto, kwa sababu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma. Yaani mguu ninaoutegemea ndio wenye safari ndefu. Mtu mrefu halihisi hili maisha yake yote.

Tangu mchana nimebadili. Sisimami tena ukingoni mwa lami. Nasimama kwenye mkondo wa tairi za kulia za magari, palipo karibu na usawa. Nakata mwendo mapema nichague mahali, natazama kama kuna kokoto au mafuta, natelezesha nyonga kushoto nusu ya kiti kabla pikipiki haijasimama, na mguu mmoja unashuka wote bapa. Mguu mmoja bapa ni bora kuliko miwili ya vidole. Kuegesha nako: naingia kinyumenyume, pua ikitazama njia ya kutokea, na siingizi pua mahali palipoteremka kuelekea ukuta.

29 Juni, Jumapili. Bombo

Kilomita 35 hivi toka mjini, njia ya Gulu. Nimepita Matugga bila kukwaruza tuta hata moja. Kifandugu kimya.

Nyumba ya mjomba iko juu ya kipando cha udongo chenye mfereji katikati, na ndicho nilichokuwa nakiwaza njia nzima. Nimesimama katikati ya kipando makusudi, breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, wa kushoto chini, nikahesabu hadi kumi, nikaachia klachi mpaka injini ikabadili sauti, nikaondoka. Watoto wa jirani wamepiga makofi. Nimerudi chini nikafanya tena.

Mjomba amezunguka pikipiki mara mbili akiwa na kanzu yake ya Jumapili, ameinama kuangalia stendi, amebonyeza kiti. Ana urefu wa sentimita 180 na zaidi. Akaomba kukaa. Kizingiti kikamsukuma mbele hadi magoti yakagonga usukani.

"Mjomba," akaniambia, "kiti hiki kimenikataa."

Amenipa grisi ya cheni kwenye kopo la maziwa. Kilomita 640 tangu niinunue. Wiki ijayo ni kubadili oili na kutafuta kioo cha kulia.